Ukingo Aliochaguliwa Mama Princess

Nosim alikuwa muuza sakafu. Ndivyo alivyopenda kujieleza kwa watu, ingawa duka alilofanyia kazi mjini Arusha liliuza pia misumari, rangi na mabomba. Mwaka 2004, mbao za lamineti, zile nyembamba za kutandika sakafuni, zilipoanza kuingia mjini kwa wingi, mwenye duka alimkabidhi meza ya sampuli kwa sababu alikuwa na subira ya kueleza jambo lile lile mara ishirini kwa siku.

Jambo lenyewe lilikuwa ukingo. Rangi mteja alijichagulia, lakini kwenye ukingo wengi walikwama. Kulikuwa na mbao zenye ukingo wa wima. Zikikutana mstari hauonekani, chumba kizima kinakuwa kama ubao mmoja. Na kulikuwa na zile zilizochongwa mshazari pembeni, ambazo zikikutana zinaacha kifereji chembamba. Kifereji hukusanya vumbi, lakini huficha kasoro. Ukingo wa wima hausamehe: saruji ikiwa na mawimbi, ubao mmoja unanyanyuka kidogo kuliko mwenzake, mguu unajikwaa, na baada ya muda kingo zinamomonyoka. Kwa hiyo kabla ya yote Nosim alimuuliza mteja, "Saruji yako imenyooka?"

Jumanne moja Agnela aliingia dukani.

"Mama Lesikar! Kumbe bado upo hapa hapa?"

"Nipo, Mama Princess. Karibu."

Walikuwa wamefanya kazi pamoja ujanani, katika duka la serikali, wakiwauzia watu sabuni na khanga kwa foleni. Duka lilipofungwa wote wawili walibaki mikono mitupu, wakapatana kwenda Namanga kufuata mitumba. Pale mpakani Nosim aliona mzigo wa mama mmoja ukimwagwa chini na kukanyagwa na askari wa ushuru, mwenyewe akilia. Akapanda gari, akarudi nyumbani. Agnela akavuka peke yake.

Miaka kumi baadaye Agnela alikuwa na vibanda viwili sokoni, na nyumba aliyoijenga huko Akheri, nje ya mji, kwenye shamba la mume wake. Nosim alipanga vyumba viwili mtaa wa Elerai. Hakuwahi kusema neno baya juu ya mwenzake. Misibani na harusini, watu wakimsifu Agnela, alisema, "Mungu amemjalia," kisha akirudi nyumbani akasugua sufuria ambazo zilikuwa safi tayari. Alijua rangi ya mapazia ya Akheri kabla hajafika huko. Alijua geti lilichomelewa na nani. Kila habari ya Agnela aliitafuta, na kila aliyoipata ilimchoma.

Sasa Agnela alikuwa amevuta kiti, amekaa mbele yake.

"Nimekuja unichagulie. Fundi Solomoni amenieleza habari za kingo mpaka kichwa kinauma."

"Saruji yako imenyooka?"

"Wapi! Walimwaga wakati wa masika, kila mmoja na lake. Nikidekia, maji yote yanakimbilia kona moja."

Jibu lilikuwa hapo hapo: asawazishe kwanza, au achukue ukingo wenye kifereji. Nosim alinyoosha mkono kuelekea sampuli ya kifereji.

"Chagua kama vile unachagua ya kwako," Agnela akasema.

Ya kwako. Nosim hakuwa na sakafu ya kuichagulia chochote. Mkono ukapita ile sampuli, ukachukua ya pembeni yake.

"Huu wa wima. Hutaona mstari hata mmoja. Nyumba kubwa inataka huu."

"Una hakika?"

"Nimekudanganya lini?"

Agnela akatabasamu, akaenda kulipia.

Wiki iliyofuata Solomoni alikuja kununua gundi. Alipokwisha kulipa akaja mbele ya meza ya Nosim.

"Mama, ni wewe uliyempa yule mama wa Akheri ukingo wa wima? Nimeweka pima maji pale, sakafu ni tuta na bonde. Nikamwambia tusawazishe, akasema kama ingehitajika Mama Lesikar angemwambia."

"Mteja ndiye anayechagua," Nosim akajibu, akageukia makopo ya rangi.

Siku hizo alitembea mwepesi. Akipika aliimba. Miezi michache baadaye, alipoalikwa kwenye kubarikiwa kwa nyumba ya Agnela, alishona gauni.

Padri alipomaliza kunyunyiza maji ya baraka, wageni walikaa sebuleni kula. Kwa kutazama kutoka mlangoni, sakafu ilipendeza. Lakini jua la alasiri lilipoingia dirishani, kila kiungo kilionyesha kivuli chake. Mama mmoja mzee alijikwaa akiwa na sahani. Mkeka ulikuwa umetandikwa mahali pasipohitaji mkeka. Nosim aliuinua kidogo kwa kidole cha mguu: chini yake mbao tatu zilikuwa zimebanduka ukingoni, weupe wa ndani umetokeza. Hiki ndicho alichokitamani. Alingoja furaha, haikuja.

Agnela alimvuta jikoni.

"Umeona alivyoniharibia? Alitaka kunitisha na saruji ili aongeze kazi, nilipokataa akalipua kazi. Nimemfukuza. Nimewaambia watu wote wa huku wasimpe hata kibaraza."

"Nani?"

"Solomoni, nani mwingine?"

Nosim aliweka sahani yake juu ya jiko. Alimjua Solomoni miaka sita, mtu asiyeacha hata chembe ya unga wa mbao nyuma yake.

"Si Solomoni," akasema. "Ni mimi. Ulinieleza saruji ilivyo, nikajua, na bado nikakupa ule."

Agnela alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. "Kwa nini?"

"Nilikuonea wivu. Tangu Namanga."

Sebuleni watu walikuwa wameanza wimbo. Agnela hakupiga kelele. Aliegemea meza, akasema taratibu, "Unajua kwa nini nilivuka siku ile? Nilikuwa natetemeka kuliko wewe. Ila hela zangu zote nilikuwa nimeshamtumia mwenye mitumba wa ng'ambo. Wewe ulikuwa na nauli ya kurudi. Mimi sikuwa nayo. Miaka yote hii nilifikiri unalijua hilo."

Nosim hakulijua.

"Nenda kwa Solomoni umwambie mwenyewe," Agnela akamaliza. "Halafu uje uwaambie majirani. Mimi siendi kukusemea."

Nosim alimkuta Solomoni huko Kikatiti, akipaka kuta niru kwenye nyumba ya mwalimu. Fundi alisikiliza bila kuacha kazi. "Nilishajua," akasema. "Mtu anayeuza sakafu hawezi kuwa hajui." Jumapili mbili baadaye Nosim alisimama nje ya nyumba ya Akheri mbele ya majirani wa Agnela, akasema kwamba kosa lilikuwa lake, si la fundi. Wengine walicheka. Mmoja alisonya. Kisha Agnela akamrudisha Solomoni, naye akainua mbao zote za sebule moja moja, akasawazisha saruji, akaiacha ikauke, akazirudisha. Zilizoharibika zilikuwa kumi na mbili. Nosim alizileta mpya mwenyewe, akaketi kizingitini mpaka ya mwisho ilipobanwa. Safari hii viungo havikuonekana.

Agnela alimshukuru fundi. Nosim alipewa chai.

Waliendelea kusalimiana, tena vizuri, na kuulizana habari za watoto. Lakini mwaka uliofuata Solomoni alipopita dukani alisema kwamba Mama Princess anaongeza vyumba viwili, na mbao amekwisha kununua kwingine, kwenye duka jipya karibu na stendi.

"Amechukua ukingo gani?" Nosim akauliza.

"Wa kifereji. Kuna dada pale alimkalisha, akamchagulia."

Nosim alitikisa kichwa, akafuta vumbi kwenye sampuli zake zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Mchana kutwa alimfikiria huyo dada asiyemjua, ambaye Agnela alivuta kiti akakaa mbele yake na kumwambia, nichagulie; na huyo dada ndiye Nosim aliyemwonea wivu sasa.