Kipindi Chetu Kilichozaliwa Msibani

Kipindi chetu cha usiku cha kuwachamba wakubwa, kwenye tivii ya kebo hapa Kibaha, kilizaliwa msibani Visiga. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, shule niliiona kwa mbali kama treni. Marehemu alikuwa Msukuma, mtani wangu, na mtani ana ruhusa ya kutania hata msibani, nikalizuia jeneza: "Haendi mtu kaburini mpaka nipewe kuku!" Watu walicheka, turubai likataka kupaa. Mwenye kebo, naye alikuwa pale msibani, akasema, "Hiyo hiyo, njoo uifanye kwenye tivii."

Usiku wa kwanza nikamchamba mwenyekiti wa mtaa: mashimo ya barabara yake yana kambale wenye wajukuu. Asubuhi huyo, kaja studio kafura. Mwenye kebo akaninong'oneza, "Tumekwisha, anatufungia."

Nikasema, "Shikamoo mwenyekiti. Kwani wewe kabila gani?"

"Msukuma!"

"Ah, mtani! Sasa utakasirikaje?"

Akanikodolea macho, midomo ikaanza kumcheza kwa kicheko. "Mzaramo wewe, unajua ngoma tu! Leo usiku nipe kiti kipindini, nikujibu."

Alinichamba mpaka masikio yakatoa moshi. Kibaha nzima ilitazama, hata mbu walisahau kuuma. Kile kiti cha mtani mpaka leo kinagombewa na wakubwa, na kipindi nimekianzisha mimi, niliyeiona shule kwa mbali!