Mchungwa Uliochezewa Sendofu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo chakula hakipiti vizuri. Jana uliniletea siku hiyo mlangoni bila kujua. Ulikuja hapa kitaluni Buzuruga, ukanipa shikamoo yangu, ukaniambia umepangiwa kufundisha Makete, kwenye baridi. Utakaa nyumba ya shule isiyo na shamba, na unataka mchungwa wa kukuza kwenye ndoo. Kisha ukanyoosha kidole kwenye mche mrefu kuliko yote. "Mama, nifungie ule." Nikakukatalia. Uliondoka umenuna, nilikuona. Leo kaa hapo kwenye kiti, usinune, nikueleze.

Mche wa kubebesha ni miti miwili ndani ya mmoja. Wa juu ndio wa kukupa tunda. Wa chini ndio unaokaa na udongo, ukapambana na maji na baridi, na hakuna anayeuuliza habari zake. Mafundi tunachukua kichipukizi cha mchungwa mtamu, tunakiingiza kwenye gome la mche mwingine, tunafunga na nailoni mpaka vishikane. Kazi hiyo nilifundishwa na marehemu Bwana Lufunga, bwana shamba mstaafu aliyekuwa na kitalu karibu na kwetu Igoma. Nilikuwa msichana, mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Miche yangu ilikuwa inashika, watu wananisifu, na sifa nilikuwa nazipenda mno, sitakudanganya.

Mama yetu alikuwa Mhaya wa Muleba. Alipoolewa akaja Mwanza, alikuja na mchungwa mdogo ameupakata kwenye meli, akaupanda mbele ya nyumba. Machungwa yake yalikuwa madogo, ganda jembamba, na utamu wake sijaukuta kwa mwingine. Basi mdogo wangu Adventina alipopata mchumba, kijana aliyeajiriwa kwenye mashamba ya misitu huko huko Makete unakokwenda, Mama aliniita jikoni.

"Mimi nilitoka kwetu na mti," akaniambia. "Na Adventina atoke na wa kwake. Toa kwenye huu wangu. Wewe ndiye fundi."

Hakuniomba kingine. Nami nikafurahi, nikaenda moja kwa moja kwa Bwana Lufunga.

Mzee akaniuliza kitu kimoja tu, mti unakwenda kuishi wapi. Nilipomjibu akanipeleka nyuma ya kitalu, kivulini, kwenye viriba vichache alivyovitunza mwenyewe. Ilikuwa miche ya jamii ya mchungwa yenye majani matatu matatu na miiba mirefu, mbegu zake alizipata zamani kazini. Mifupi, imekonda, kama imesuswa. "Beba kwenye huu," akasema. "Unakua polepole, mizizi yake inatosha kwenye chombo, na baridi ikija unajua kupumzika. Mlimao haujui kupumzika. Baridi ikiukuta unachipua, imeumaliza."

Nikamwuliza mpaka sendofu, sherehe ya kumuaga Adventina, utakuwa na urefu gani. Akaonyesha gotini.

Gotini! Mwanangu, wewe sendofu unazijua. Zawadi haipelekwi kimya kimya. Ndugu wanaingia ukumbini kwa mstari wakicheza, kila mmoja amebeba alichonacho juu juu ili kionekane, mshereheshaji anakitaja, vigelegele vinapigwa. Shangazi zangu walikuwa wanakuja na makabati na vitenge. Halafu mimi, dada wa bibi harusi, fundi anayesifiwa Igoma nzima, niingie na kijiti cha miiba kwenye kopo?

"Mzee, nitachekwa," nikamwambia.

"Utachekwa jioni moja," akajibu. "Yeye atakaa na mti maisha yake."

Nikaitikia ndiyo mzee, nimesikia. Alipoondoka nikakibebesha kichipukizi cha mti wa Mama kwenye mlimao, ule wa malimau makubwa yenye ganda la mikunjo, ambao ukiutia maji unakimbia kwenda juu. Na ulikimbia kweli. Siku ya sendofu ulinifika kifuani, majani yanang'aa, nimeufunga utepe kwenye ndoo iliyopakwa rangi. Niliingia nao begani nikicheza, majani yanagusa mapambo ya ukumbi, na vigelegele nilivyopigiwa mimi kabati halikupigiwa. Adventina alilia. Mama alisimama akaushika mti wake kwa mikono miwili mbele za watu. Bwana Lufunga alikuwa amekaa meza ya wazee. Alipiga makofi kidogo, akaangalia pembeni. Niliona, nikajifanya sijaona.

Baada ya harusi Adventina na mumewe wakaondoka nao kwa treni mpaka Dodoma, halafu mabasi.

Kipupwe cha kwanza hakikuuacha. Makete, mwanangu, utaamka asubuhi ukute majani ya nje yameganda meupe, ukiyakanyaga yanalia. Adventina alinipigia simu kwa jirani, akasema mti wa Mama umekauka. Baada ya muda akapiga tena, safari hii anacheka. "Dada, umefufuka! Umechipua!"

Nikamwuliza umechipua wapi.

"Chini kabisa, karibu na udongo. Vichipukizi vina nguvu hivyo! Sasa naulaza jikoni karibu na moto, naufunika na kanga ya Mama."

Nililijua jambo lile palepale, simu ingali sikioni. Chini ya kovu la kubebesha hapakuwa na kitu cha Mama. Kilichofufuka ni mlimao. Na wakati ule mchungwa wenyewe ulikuwa bado umesimama mbele ya nyumba, una afya, vichipukizi tele. Ningemwambia siku ile, ningembebeshea mwingine kwenye majani matatu, ningemtumia, habari ingeishia hapo. Lakini alikuwa anacheka, nami nikaona haya. Nikasema moyoni nitautengeneza kimya kimya, nitambadilishia bila kelele. Msimu ujao. Msimu ukafika, nikasema ujao. Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi, kuliko hata sendofu.

Kisha barabara ikapanuliwa. Kiwanja chetu kikakatwa mbele, na mchungwa ulikuwa huko mbele. Siku ya tingatinga nilikuwa nimekwenda Sengerema kwenye msiba, nikarudi nikakuta udongo mwekundu. Mama alikuwa amekaa barazani. Aliniambia tu, "Si neno. Upo wa Adventina."

Nikachukua fagio, nikafagia udongo uliorushwa barazani.

Mti wa Makete ulichukua miaka kuzaa, na ulipozaa Mama alikuwa ameshashikwa na maradhi, halali vizuri, hali vizuri. Kwetu tunda la kwanza la mti hupelekewa mzazi kabla hujalionja mwenyewe. Adventina hakulionja. Alilifunga kwenye kitambaa akampa mtu aliyekuwa anakuja Mwanza, nami nikaenda kulipokea stendi. Nikafungua kile kitambaa hapo hapo katikati ya watu. Ganda la mikunjo, rangi ya njano. Limau, mwanangu. Nilisimama pale makondakta wakinipigia kelele nipishe.

Nilifikiria kununua machungwa sokoni nimpelekee Mama, niseme ndiyo hayo. Nilifikiria sana. Lakini yeye chungwa lake angelijua hata gizani, na kumdanganya mtu anayeondoka sikuweza. Nikampelekea limau kama lilivyo.

Alilishika muda mrefu, akalipapasa lile ganda. Akaniambia nilimenye. Nikalimenya, nikampa kipande. Akala. Uso ulijikunja kidogo, akameza, akanyoosha mkono kuomba kingine. Alikula mpaka likaisha, na mimi nalia.

"Mwambie Adventina limefika," akasema. "Mwambie nimekula lote."

Kisha akanitazama. Hakupandisha sauti. "Na wewe, mwana wange, ulimpa mdogo wako mti wa kutazamwa. Hukumpa wa kuishi naye."

Hakurudia tena neno hilo mpaka alipotutoka.

Baada ya arobaini nilimweleza Adventina kila kitu; mpaka hapo alidhani baridi ndiyo iliyolibadili ganda. Akasema, "Kanga ile ilichakaa juu ya mlimao." Hajanitupa, ni mdogo wangu. Mlimao anao mpaka leo, anakamulia chai. Nikienda kumtembelea ananipa kikombe, nami nakunywa. Lakini chungwa la Mama halipo tena popote duniani, na mkono uliolipoteza ni huu unaouona unashika kisu.

Sasa sikiliza. Ukichagua mti wa kwenye chombo, usiuangalie juu kwanza. Inama. Uliza wa chini ni mti gani, na uliza kama unaiweza nchi unakoupeleka. Unaokimbia hapa ziwani kwenye joto si lazima ustahimili kule juu. Kikitoka kichipukizi chini ya kovu, kiondoe siku hiyo hiyo hata kama kinapendeza. Na ukiona umekosea, mwanangu, sema wakati mti bado umesimama. Aibu ya siku moja unaweza kuimeza. Mimi yangu sikuimeza, ikaninywesha miaka.

Hata huyo kijana anayekuja kwenu kila Jumapili na gari la kuazima, na kwake inama vivyo hivyo, uulize wa chini ni nani. Hilo si langu, nimelipitia tu.

Wako ni huu hapa, mfupi, wa majani matatu, nimeutunza kivulini kama mzee wangu alivyotunza. Utakufika gotini. Ukipanda nao basi watakucheka, waache wacheke mpaka washuke. Na ukifika Makete mpelekee Adventina huu mwingine, mwambie dada yake amechelewa. Chungwa lake si la Mama, ila wa chini ni ule wa majani matatu nilioambiwa na mzee, nikauacha.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe nyumba yenye moto na majirani wema, na asubuhi ile utakayokuta nje kote kumeganda, mti wako akuachie mzima. Na tunda la kwanza usilionje. Mpelekee mama yako angali anaweza kuuonja utamu wake.