Saa za Panya

Kazi ya ukalimani aliianza akiwa na miaka saba, bila mkataba wala likizo. Mama yake na shangazi yake walikuwa wamenuniana kwa sababu ya sufuria iliyounguzwa, na kwa zaidi ya mwaka mzima, wakiishi nyumba moja na kupika jiko moja, hawakusemezana. Kila neno lilipitia kwa mtoto. "Kamwambie shangazi yako ana roho ya kutu," mama alikuwa akisema, naye shangazi yuko hatua tatu tu, anasikia kila kitu. Mtoto anazipiga zile hatua tatu, anasimama wima, anasema: "Mama anauliza kama umeamka salama." Shangazi anajibu kwamba ameamka salama, na kwamba mama ni nyoka. Mtoto anarudi na ile nusu ya kwanza.

Ndipo wakambandika jina la Mjumbe, likamganda. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, mume fundi wa kuchomelea mageti, binti muuguzi, na kiti chake ndani ya kibanda cha vioo nyuma ya kumbi za mikutano. Humo alikuwa akimeza maneno ya kigeni kwa masikio na kuyatoa kwa Kiswahili mdomoni, yote kwa wakati mmoja, kama mtu anayekula na kutapika. Kazi hiyo hufanywa na watu wawili wanaopokezana kila nusu saa, maana ubongo nao una mgongo, na mgongo huo huuma.

Ikaja kazi ya siku tatu: mkutano wa wanauchumi wapenda maendeleo ya wanyonge. Ajenda ilikuwa kazi, saa za kazi, na umiliki wa mawazo. Mumewe aliposikia akacheka hadi kofia ya kuchomelea ikamteremka puani.

"Yaani wanakaa siku tatu kujadili jinsi ya kupunguza kazi?"

"Ndiyo hivyo, mzee wangu."

"Na nani anawapikia?"

Nyota wa mkutano alikuwa profesa mmoja mnene, mcheshi, mwenye shati la mikono mifupi lililopigwa pasi kama bati. Mjumbe alimpa jina la Profesa Siku Nne, kwa sababu hoja yake kuu ilikuwa kwamba binadamu asifanye kazi zaidi ya siku nne kwa wiki. Wanafunzi wake walisema hoja hiyo ameifanyia majaribio ya muda mrefu, maana yeye alionekana chuoni siku mbili. Kiswahili alikijua tangu titi la mama, lakini kila alipotaka kusema jambo zito, kilimkimbia, akahamia lugha ya wageni. Ndiyo maana viongozi wa vyama vya wafanyakazi, nusu nzima ya ukumbi, walivaa vidude vya masikioni wamsikilize Mjumbe.

Siku ya kwanza asubuhi mwenzake wa kibandani alifika na mafua, akafungua mdomo, ikatoka sauti kama ya bawaba kavu. Akarudishwa nyumbani.

"Dada yangu, jikaze peke yako," katibu wa mkutano akambembeleza Mjumbe. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyetembea na mafaili matatu asiyoyafungua. "Kidogo tu, tunatafuta mwingine."

Alijikaza. Profesa akapanda jukwaani, akaanza kueleza zile dakika ambazo mwajiri anazichukua bila kuzitaja: ujumbe wa simu wakati unakula, kufika mapema ili kuwasha mitambo, kubaki kidogo kufunga mlango. Akaliita jambo hilo kwa neno refu la kigeni lenye vituo vitano. Mjumbe hakuwa na Kiswahili chake. Hakuna aliyekuwa nacho. Alikuwa na sekunde moja, na katika sekunde hiyo alichokiona ni nyayo za baba yake, alivyoamka siku moja zimetafunwa na panya bila yeye kuhisi.

"Hizi," akasema kwenye kipaza sauti, "ni saa za panya. Anakuuma huku anakupuliza."

Nusu ya ukumbi ikaangua kicheko, wengine wakagonga meza. Profesa, ambaye hakuwa amefanya utani wowote, akajiangalia zipu. Halafu akamwinamia mwenyekiti wa chama cha madereva pale mbele, akanong'onezwa. Alasiri yake alisimama tena, na safari hii Kiswahili hakikumkimbia hata kidogo: "Kama ninavyopenda kusema, ndugu zangu, hizi ni saa za panya!" Akapigiwa makofi. Ndani ya kibanda Mjumbe alikunywa maji, akameza na hilo.

Siku ya pili mtu wa kumsaidia hakuwa amepatikana. Alikaa kitini saa mbili kamili asubuhi. Wakati wa chai katibu alimshika mkono akamtafsirie profesa mbele ya mwandishi wa habari, hivyo chai aliiona ikipita. Kisha ukafuata mjadala wa umiliki wa mawazo, na hapo aliinuka mwanamama mwembamba mwenye sauti ya kengele, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akipigania hataza, yaani zile karatasi zinazosema dawa fulani au mashine fulani itengenezwe na mwenye karatasi peke yake. Wote walimwita Bi Hataza.

"Wazo halina mwenyewe," alisema profesa. "Tung'oe uzio wote!"

"Uzio wa kampuni kubwa za dawa tutaung'oa pamoja," akajibu Bi Hataza. "Lakini ukiung'oa hadi wa mama mwenye bustani ya mchicha, atakayevuna ni mwenye lori."

Walikwaruzana hivyo mpaka saa saba ikapita. Harufu ya chakula ikapenya chini ya mlango. Likabaki azimio moja tu, kwamba siku ya kazi ya binadamu yeyote isizidi saa sita. Kila mtu alikubaliana nalo, na kwa hiyo kila mtu akataka kulisemea. Saa nane kasoro dakika moja mwenyekiti wa mkutano akaomba dakika ishirini za nyongeza.

Mjumbe aliangalia saa ya ukutani. Kibofu chake kilikuwa kimeshaingia kwenye mgomo bila kutoa notisi. Mkalimani hasemi "mimi" kwa niaba yake mwenyewe, kwani akisema "mimi" watu watadhani ni msemaji wa jukwaani. Kwa hiyo alisema hivi, polepole, kwa sauti yake nzuri ya redio:

"Mkalimani anaomba radhi. Mkalimani ametimiza saa sita bila mapumziko. Mkalimani anaunga mkono azimio, na anakwenda chooni."

Akazima.

Wale wenye vidude masikioni walitazamana. Mwenyekiti wa madereva akavivua, akaviweka mezani, akasimama. Wakasimama wote, wakaelekea kwenye chakula kwa nidhamu ambayo vyama vyao havikuwahi kuionyesha. Jukwaani profesa aliendelea kuwatetea kwa dakika nzima kabla ya kugundua kwamba wameondoka. Azimio la saa sita likakosa akidi.

Katibu alimngojea mlangoni pa choo, mafaili kwapani. "Dada, umetuaibisha!"

"Niandikie barua ya onyo," alisema Mjumbe. "Iandike ndani ya saa za kazi."

Bi Hataza alikuja na sahani mbili, akampa moja. Akamuuliza bila kuzunguka: "Zile saa za panya ni zako, siyo?" Mjumbe akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa. Profesa alikuwa nyuma yao kwenye foleni, akasikia, akacheka kwa ukarimu. "Mama, maneno ni mali yetu sote!"

"Sawa, Profesa. Basi nipe na shati."

Baada ya miezi minane kitabu kikatoka. Jalada jekundu, picha ya panya amevaa tai, na jina kwa herufi za kumtosha kipofu: *Saa za Panya*. Ukurasa wa pili uliandikwa kwamba haki zote zimehifadhiwa, na ole wake atakayenakili hata sehemu yake. Mumewe alivua glavu, akataka waende kwa wakili siku ileile. Mjumbe alikuwa na barua nyingine mkononi: alikuwa anaombwa kukalimani kwenye uzinduzi. Alikubali kwa masharti mawili, mwenzake awepo na mapumziko yaandikwe kwenye mkataba. Wakayaandika.

Ukumbi ulijaa, wale wa vyama wakiwa mbele. Zamu yake ilifika profesa alipokuwa anasimulia, kwa lugha ya wageni, jinsi neno lilivyozaliwa. Alisema: neno hili nililibuni mwenyewe, lilinijia asubuhi moja bafuni.

Mkalimani akisikia "mimi" lazima aseme "mimi". Ni sheria, na Mjumbe aliifuata kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kazini.

"Neno hili," akasema, kila silabi ikiwa imeoshwa na kuanikwa, "nililibuni mimi. Mimi mwenyewe. Lilinijia..." Hapo mwenzake alimwona akisita, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitatu. "Lilinijia kibandani."

Mwenyekiti wa madereva alikuwa wa kwanza kugeuka. Kisha wengine, safu baada ya safu, wakikitazama kile kioo cha nyuma, na makofi yakaanza upande usio wa profesa. Yeye akainama kushukuru. Aliinama mara tatu, maskini, kabla ya kuona visogo.

Hakuwa mtu mbaya. Alimfuata baadaye, jasho limelilainisha lile shati, akasema chapa ya pili itamtaja. Ilimtaja kweli, kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya mchora panya na kabla ya paka wake profesa: "na mkalimani mmoja." Mjumbe aliusoma ukurasa huo jikoni kwa sauti, mumewe akatukana, yeye akacheka hadi akakaa chini, ingawa kicheko kilipoisha alikaa pale sakafuni kwa muda kidogo akiangalia miguu ya meza.

Jumapili moja binti yake alikuja kutoka zamu ya hospitali, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake.

"Leo tumemgomea msimamizi, mama. Tumemwambia hatubaki tena kukabidhi zamu bure. Hizo ni saa za panya."

"Nani kakufundisha hilo neno?"

"Ah, watu wote wanalisema. Ni la zamani hilo."

"Nimelitunga mimi."

Binti akafumbua jicho moja, akamtazama mama yake kwa huruma ya kiuguzi, akalifumba.

"Sawa, mama. Kuna chochote cha kula?"