Maji ya Mastaka

Mpaka leo nikisikia harufu ya mastaka, koo langu hutamani maji. Mastaka ni utomvu mkavu wa mti mfupi unaoota katika kisiwa kimoja cha Wagiriki, kwenye bahari ya Mediterania. Gome huchanjwa, utomvu ukadondoka juu ya udongo mweupe uliotandazwa chini, ukakauka, ukaokotwa. Watawala wa zamani waliulinda kama dhahabu, na wake zao waliutafuna ili kinywa kinukie. Kwetu Unguja uliletwa na wafanyabiashara, na bibi zetu, ambao hawakuwa na habari na ufalme wa mtu, wakaupa kazi ya maana zaidi: kufukiza mtungi. Unatia chembe chache juu ya kaa la moto, unaufunika moshi kwa mtungi mtupu, kisha unamimina maji. Ukiyanywa hayo, mengine yote utayaona ya kunawia tu.

Bibi, mama yake mama, alikuja kwetu Richfield, ughaibuni, majira ya baridi ya miaka ya tisini, nikiwa na miaka minane, kumlea mama aliyekuwa amejifungua mdogo wangu. Tulipanga fleti karibu na uwanja wa ndege, na ndege zilipita chini hata vikombe vikagongana kabatini. Bibi aliahidi kukaa mpaka arobaini: uji wa pilipili manga, maji ya moto ya kukandia, na mzazi asitie mguu nje. Kilichomshinda ni maji ya bomba. “Yananuka dawa ya kufulia,” alisema akiisukuma bilauri. “Mnayanywaje haya, wanangu?” Baba, aliyekuwa akisomea uhandisi, alimweleza habari za klorini. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akafungua sanduku akatoa mtungi mdogo, chetezo cha kutilia makaa na kopo la mastaka.

Maskini Bibi! Jiko lake kule kwao lilikuwa na dirisha lisilo na kioo, letu lilikuwa na kidude cheupe darini. Moshi ulipokifikia, king'ora kililia jengo zima na kila mtu akaamriwa kutoka. Mama alitoka amemkumbatia mtoto ndani ya blanketi, soksi zake zikilowa theluji. Watu wa zimamoto walipoona chetezo walicheka, lakini Bibi hakucheka. “Nimemtoa mzazi nje kwa mkono wangu mwenyewe,” alisema, na sauti yake ilinitisha kuliko king'ora. Kwetu baridi ikimwingia mzazi, humkaa maisha.

Meneja wa jengo akapiga marufuku moshi. Tangu siku hiyo Bibi hakugusa chetezo wala maji, ila chai kidogo, mpaka midomo ikampasuka. Akaanza kukunja kanga zake na kuzipanga sandukuni. Ndege ikipita alisema, “Ile inanifuata mimi.” Mama alilia chumbani, maana bila Bibi angebaki peke yake na mtoto mchanga mchana kutwa. Mimi, Kiswahili changu kikiwa cha kubabaisha, nilimsihi Bibi kwa Kiingereza asiende, naye, asiyeelewa hata neno, alinipapasa kichwa tu.

Ndipo akagonga bibi mzungu wa ghorofa ya chini. Siku ile ya theluji nilimwona amesimama na kandambili zake, akinusa kanga ya Bibi iliyoingia moshi wa mastaka. Tulidhani amekuja kushtaki. Kumbe mkononi ana bilauri ya maji baridi, na ndani yake kijiko kilichojaa kitu cheupe kinachonata. Nilitafsiri nilivyoweza: yeye ni Mgiriki, baba yake alikuwa akiichanja miti ile ile, na kwao mgeni hukaribishwa kwa peremende ya mastaka ndani ya maji. Bibi alikilamba kijiko, akafumba macho, akayanywa maji yote mpaka tone la mwisho. “Ee, hawa wana akili,” alisema. “Hata moto hawakuuhitaji!” Mama alicheka huku analia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wasemavyo wazee, ila mimi sijajua mpaka leo siku ile mgeni alikuwa nani. Sanduku lilifunguliwa, kanga zikarudi kabatini, na Bibi alikaa mpaka arobaini ikatimia.

Leo naishi Maple Grove, si mbali na Richfield. Friji yangu inachuja maji yenyewe, na mastaka nikiagiza huletwa mlangoni. Mwaka jana nilimfukizia mama mtungi, king'ora kikalia. Nilitoka na kanga yangu nikasimama kwenye theluji, nikitazama huku na huku kama mjinga. Hakuna mlango uliofunguka. Iliniuma, sisemi uongo. Nikawalaumu majirani, nikawalaumu tena, kisha nikajiuliza mimi nimewahi kugonga mlango wa nani. Kesho yake nikatumbukiza kijiko cha peremende ya mastaka ndani ya bilauri ya maji baridi. Binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, ninakwenda wapi na kijiko.

“Kwa jirani,” nikamwambia. “Vaa koti, twende.”