Nyimbo Zilizofutwa na Diski Kubwa

Fundi aliyetuletea diski kubwa kutoka Dar alisema hatutaijaza hata tukichapa mpaka wajukuu waote mvi. Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kanisa pale Ifakara, na nilimwamini kwa sababu alivaa tai kwenye joto lile.

Humo nilihifadhi nyimbo za mwalimu wetu wa kwaya, zote alizotunga maishani. Karatasi zake zililoa mtumbwi ulipopinduka mtoni pale Kivukoni, nikawahi kuzichapa kabla wino haujafutika kabisa. Kichwani mwake hazikuwa salama pia, maana uzee ulishaanza kumpokonya maneno.

Asubuhi moja nikafungua mafaili, nikakuta takataka tupu. Kompyuta yetu ilikuwa ya zamani, na programu yake iliweza kuhesabu nafasi za diski mpaka kiasi fulani tu. Ilipopita hapo ilirudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyokuwepo, kama mtu aliyemaliza jaruba la mpunga akarudi kulima miche yake mwenyewe. Fundi aliniambia kwa simu kwamba mashine na diski haviendani. Nilitamani kuivuta ile tai yake kupitia waya.

Nilimwendea mwalimu nikilia.

“Waite waimbaji,” akasema. “Walizikariri kwa kazi gani?”

Tukairudisha diski ndogo ya zamani. Jumapili baada ya misa wakajaa ofisini, wakaimba, nami nikachapa. Soprano waliposahau, besi waliwakumbusha kwa maringo yasiyovumilika. Nilicheka mpaka nikakosea herufi. Nilifurahi sana siku ile.

Zilirudi zote isipokuwa wimbo mmoja ambao kwaya ilikuwa haijaujifunza. Mwalimu alijaribu, akakwama kwenye mstari wa pili.

“Basi, huo umekwenda,” akasema, akainamisha kichwa.

Mkewe alikuwa mlangoni akikusanya sahani za wali aliotuletea kutoka nyumbani kwao Katindiuka. Hakuwahi kuwa mwanakwaya. Aliweka sahani chini, akauimba wote, mpaka mwisho.

“Mama, umeujulia wapi?” nikamuuliza.

“Alinitungia mimi, mwanangu. Tulikuwa wachumba, tunawinga ndege kwenye mpunga kule Idete.”

Mwalimu akaniinamia sikioni. “Palipo na jina lake, baadaye niliweka Maria, ili uingie kanisani.”

“Sasa nichape lipi, mwalimu?”

Alimtazama mkewe, ambaye alikuwa amerudia sahani zake.

“Chapa lake.”