Shamba Lililoonekana Msitu

Ofisini walimwita Mama Ramani, na jina lile alilipenda, asikudanganye mtu. Alikuwa mchambuzi wa mazingira katika mradi wa kusimamia misitu ya milimani, na kazi yake, ukiivua maneno makubwa, ilikuwa kuitazama dunia kutoka juu. Picha zilipigwa angani, zikashuka kwenye kompyuta yake, naye akazipaka rangi: kijani kilichokolea ni msitu, njano ni shamba, kahawia ni ardhi tupu. Penye njano watu waliachwa na majembe yao. Penye kijani hawakutakiwa hata kwa kuota moto. Alikaa karibu na dirisha lisilofunguka, chai ikimpolea pembeni, na kwa kidole kimoja akaamua nani alale wapi. Mwenyewe hakuliona hivyo, na wala hakuna aliyemuuliza.

Kazi ile ilikuwa na kanuni yake: picha haiaminiwi peke yake. Mchambuzi huchagua sehemu hapa na pale, akaziendea kwa miguu, akahakikisha kwamba kijani cha kwenye kioo ndicho kijani cha ardhini. Lakini gari la mradi lilikuwa moja, dereva wake mgonjwa wa mgongo, na njia ya mlimani ni ya kupandisha mbuzi. Basi Mama Ramani alikagua sehemu zilizo karibu na lami, akaona inatosha, na za kule juu akazipitishia mezani. Uvivu wa msomi huitwa uzoefu. Mkurugenzi wa mradi alipomuuliza kama ana hakika, alijibu bila kupepesa macho kwamba mlima ule ndio uliomlea.

Kati ya picha za kule juu kulikuwa na kipande kimoja kilichomfurahisha sana. Miti imeshikana vichwa, kijani kizito kisicho na tundu, na pande zake zote ardhi imekwanguliwa kama sufuria. Alikiandikia maelezo kwa furaha: msitu wa asili, hali nzuri, ulindwe. Mkurugenzi naye alikipenda, akaamuru kiwekwe kwenye jalada la ripoti.

Kipande kile kilikuwa shamba la mjomba wake.

Mjomba huyu alikuwa kaka wa mama yake, na mama alipofariki ndiye aliyembeba binti mgongoni, akamlisha, akamsomesha. Binti alipofika chuo alirudi likizo moja na kichwa kilichojaa mambo ya chemchemi kukauka na udongo kusombwa, akazunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi watu wasikate miti. Walimpa kiti, wakampa maji, wakamcheka alipotoka. Jirani mmoja, ambaye kwa kupenda kukata miti, watu walishambandika jina la Shoka, alikata wiki ile ile, akapanda mahindi mpaka kingoni mwa kijito. Mjomba peke yake ndiye aliyemsikiliza. Aliacha miti yote mikubwa, akaongeza mingine, akapanda kahawa na migomba chini ya kivuli. Mavuno yalipungua. Mkewe alilalamika kwamba nyumba ina giza mchana na nguo hazikauki.

"Mtoto amesoma," Mjomba alimjibu. "Kama hatumsikilizi, tulimsomesha wa nini?"

Mkaza mjomba akaendelea kuanika nguo kwa Shoka, kwenye jua. Alipokufa akazikwa nyuma ya jiko, chini ya kivuli hicho hicho alichokilaumu.

Sasa ramani ilipokamilika, mradi ulitangaza kwamba mwenye pingamizi aje kwenye kikao aseme. Watu wa mlimani waliteremka wote, hata wagonjwa waliegemezwa, kila mtu na lake. Mjomba hakwenda. Siku hiyo alipalilia kahawa, na waliompitia njiani aliwaambia, kwa majivuno ambayo Mungu amsamehe, kwamba yeye hana haja ya kupanga foleni, ana mtu wake ndani. Kikao kikafungwa, na pingamizi zikafungwa nacho. Kisha walinzi wa msitu wakapanda na vigingi vya saruji, wakachimbia kimoja mlangoni mwa jiko lake. Ndipo akampigia simu mpwa wake, kwa utulivu kabisa, kumwambia kwamba vijana wake wamekosea nyumba.

Mama Ramani alifungua ramani huku simu ikiwa sikioni. Alitafuta kijito, akafuata bonde, akahesabu mikunjo ya mlima, na kidole kikamfikisha kwenye jalada la ripoti. Alikuwa amelitazama shamba lile kwa miezi, amelipenda, amelisifu, na hakulitambua. Ndani ya kijani kile palikuwa na jiko alimofundishwa kukoroga uji na kaburi la mwanamke aliyemsuka nywele. Alimwambia Mjomba asiwe na wasiwasi, atalishughulikia.

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ubaya wake ulipokaa. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea hata kiti. Kisha akamweleza kwamba wafadhili wameshaikubali ramani, kwamba ukiweka tundu moja kila mtu ataleta shamba lake, na kwamba picha ile iko kwenye jalada, sasa tuseme nini, kwamba jalada letu ni migomba? Halafu akauliza kitu kimoja tu.

"Huyu mzee ni nani wako?"

"Mjomba wangu. Ndiye aliyenilea."

"Basi umemmaliza wewe mwenyewe," mkurugenzi alisema, tena kwa huruma. "Angekuwa mtu baki tungemtafutia njia. Mjomba wako siwezi. Watasema mchambuzi ameipinda ramani kwa ajili ya ndugu."

Kana kwamba hilo halikutosha, kanuni za mradi zilitaka aliyechora mpaka awepo wakati wa kuhamisha watu, athibitishe kwamba vigingi vimekaa mahali pake. Safari hii gari lilipatikana, na mgongo wa dereva ulikuwa umepona. Mama Ramani alipanda mlima ambao hakuupanda alipotakiwa, akafika shambani saa ya jua kali, na chini ya miti kulikuwa na baridi nzuri. Alipoinama kumsalimu Mjomba, Mjomba aliitikia kama kawaida. Alikuwa ameshaezua mabati mwenyewe, ameyapanga vizuri, misumari ameinyoosha na kuitia kwenye kopo.

Shoka alikuwa amekuja kuangalia. Alikaa kwenye mpaka wa shamba lake, ambalo halikuwa na hata kijiti cha kuchokolea meno, ambalo kwenye ramani lilikuwa njano safi, na ambalo hakuna mlinzi aliyelikanyaga. Alikuwa meno nje.

"Jirani, pole," alisema. "Si nilikwambia asante ya punda ni mateke? Ukamsomesha punda."

Walinzi walicheka. Hata dereva alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Mjomba alimwomba mkubwa wa walinzi ruhusa ya kukata mti mmoja, mmoja tu, apate mbao za mlango huko aendako, kwa kuwa wake umeliwa na mchwa. Mlinzi akamwambia haiwezekani, hapa sasa ni msitu na kukata mti ni kosa la jela. Mjomba akauliza kuhusu kaburi la mkewe. Akaambiwa aombe kibali mjini, na akipewa ataingia akisindikizwa. Mjomba akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayefundishwa hesabu ngumu. Kisha akamgeukia mpwa wake.

"Mwanangu, nieleze mimi nisiyesoma. Hili shamba limechukuliwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya miti, Mjomba. Kutoka juu lilionekana msitu."

"Na la Shoka?"

"La Shoka halina miti."

"Kwa hiyo siku ile ulipokuja na maneno yako, kama ningekucheka kama wenzangu, leo ningekuwa kwangu?"

Mama Ramani alianza kusema habari za viwango na asilimia za kivuli.

"Ndiyo au siyo, mwanangu."

"Ndiyo."

"Haya," alisema Mjomba, akajitwisha mabati. Mama Ramani alitaka ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ile sasa ilikuwa inalindwa. Akatia sahihi kwamba vigingi viko sawa, kwa kuwa kweli vilikuwa sawa.

Mjomba alihamia kwa mpwa wake mjini, kwenye chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea vitu. Hakununa wala hakusimanga, na hilo lilimuumiza binti kuliko matusi. Alikula alichopewa, akashukuru, akakaa kivulini nje ya mlango wake. Kivuli hicho kilikuwa cha mti mmoja tu uliokuwa uani. Mjomba mwenyewe ndiye aliyemletea mpwa wake mche wa mti huo alipopata nyumba hii, ameubeba kwenye kopo la maziwa, amelishika magotini safari nzima. Sasa ulikuwa umepita paa, na ndio uliokuwa ukiituliza nyumba wakati wa joto.

Picha mpya zilishuka baada ya mvua. Mahali pa nyumba ya Mjomba palikuwa vile vile, kijani kimoja kisicho na tundu. Mkurugenzi alimpongeza Mama Ramani mbele ya wenzake na kumwita jicho la mradi. Alipigiwa makofi. Akarudi nyumbani mapema, kichwa kikimgonga, na alipofungua geti mwanga ukampiga usoni. Ua ulikuwa mweupe. Mti ulikuwa chini, umelala kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, na Mjomba amekaa juu ya kisiki, jasho likimtiririka, shoka la kuazima miguuni.

"Mjomba, umefanya nini?"

Alimtazama kwa upole ule ule wa siku zote, wa kumlisha uji.

"Nimekuwahi, mwanangu," alisema. "Mti huu ulikuwa umeanza kuwa mkubwa. Wasije wakauona kutoka juu, wakakuhamisha na wewe."

Hakuwa anatania, wala hakuwa amerukwa na akili. Mama Ramani alimtazama kwa muda mrefu akitafuta hasira usoni mwake, akakosa. Kisha akaweka mkoba chini, akaenda kuchukua ufagio, kwa sababu majani yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni.