Gari la Chuma la Wacheza Beni

Mwaka niliorudi kutoka vitani bara, chama cha mtaani kwetu Ng'ambo cha beni, ngoma ya kuigiza gwaride la askari, kiliazimia kuunda mfano wa gari la chuma la vita, kiwatie haya wapinzani wake. Mimi ni seremala, na mtaa mzima ulijua kuwa nilichukuliwa upagazi katika jeshi la Waingereza. Wakanijia.

"Wewe ushaliona kwa macho yako," alisema mkubwa wa chama. "Tuundie."

Nililiona, naam. Nililivuta kwa kamba. Mvua ziliponyesha lilizama matopeni hadi tumboni, nasi wapagazi tukafungwa mbele yake kama punda, siku tatu. Siku ya tatu liliteleza ghafla, likamponda mwenzangu, mkulima wa Fumba niliyekamatwa naye sokoni. Tulimzika kando ya njia bila sanda. Gari lenyewe sikulisikia likipiga hata risasi moja.

Niliwaeleza hayo yote. Mkubwa akacheka. "Ndugu yangu, nani atatoka kwake kuja kutazama watu wanavuta kamba?"

Basi nikaliunda, kwa mbao za masanduku na mabati ya madebe ya mafuta ya taa. Mzinga ulikuwa kipande cha bomba. Siku ya ngoma alipanda juu yake mshoni mmoja, kavaa kofia ya afisa, mtu ambaye hata Bagamoyo hajafika. Wanawake wakampigia vigelegele. Mimi nilipewa kazi ya kusukuma kwa nyuma.

Tuliposimama kupumzika, mwanamke mtu mzima akanishika mkono. Alikuwa mama yake yule mwenzangu, kaja kwa miguu kutoka Fumba aliposikia habari za gari.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndilo hili alilofia mtoto wangu?"

"Ndilo."

"Akikaa wapi?"

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka. Nikajikuta nanyoosha kidole juu, kwa mshoni. "Pale, Bi. Karibu na mzinga."

Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akapiga kigelegele kilichoshinda vya wote.

Tulishinda siku ile. Wenzangu wakala pilau hadi alasiri. Mimi nilikwenda zangu nyumbani. Yule bibi aliishi miaka mingi, na kila tulipokutana mjini aliwaambia watu kwamba mimi na mwanawe tulipigana ndani ya gari la chuma. Wakanipa mkono wa pongezi, nami nikaupokea.